Chumvi Ilayo Chuma: Somo juu ya Kutunza Rili za Kuvulia Samaki



Mtu akaaye Kariakoo aweza kupitisha mwezi mzima asione wimbi hata moja. Asubuhi hufungua duka lake, jioni hulifunga, na kati ya hayo haoni ila watu, mizigo na magari. Walakini bahari haiko mbali naye. Upepo utokao bandarini humfikia, na samaki waliouzwa Feri alfajiri huingia jikoni mwake adhuhuri. Tena wako wengi katika sharika za mjini ambao riziki yao yatoka majini: wengine huvua wenyewe, wengine huuza vyombo vya kuvulia, wengine ni mafundi wa kuvitengeneza vikiharibika. Kwa ajili ya hao wote twataka kunena mwezi huu juu ya kutu, hasa kutu iletwayo na maji ya chumvi.

Tumechagua chombo kimoja kiwe mfano wetu, nacho ni rili. Rili ni kigurudumu cha kuzungushia mshipi, kifungwacho penye fimbo ya kuvulia. Ina mkono wa kuizungusha, ina magurudumu yenye meno ndani yake, tena ina breki ya kumzuia samaki asiuvute mshipi wote. Wavuvi wengi wa pwani yetu huvua kwa nyavu, au kwa mshipi wa mkono uliozungushwa penye kipande cha ubao, nao hawana haja ya rili. Lakini wako wavuao nguru, kolekole na jodari kwa fimbo, wakiwa chomboni au wakisimama juu ya miamba. Na kwao rili ni mali ya thamani. Tumeichagua kwa sababu katika chombo hiki kidogo madini ya namna nyingi yamekutana pamoja. Mtu akijua kuitunza rili, atajua pia kutunza ndoano, cherehani, baiskeli na kufuli la mlango wake.

Jambo kubwa la somo hili ni hili: adui wa rili si maji, bali ni chumvi ibakiayo maji yakiisha kukauka. Kwa hiyo utaratibu wa kuitunza una hatua tatu: kwanza kuosha kwa maji baridi, pili kukausha, tatu kutia mafuta. Atakayezibadili hatua hizi mahali pake atapata hasara, hata akiwa mtu wa bidii. Tukisema maji baridi twataka kusema maji yasiyo na chumvi, kama ilivyo desturi ya pwani, wala si maji ya barafu.

1. Hasara iletwayo na kutu

Chombo hiki ni cha zamani duniani. Ma Yuan, mchoraji wa China aliyefanya kazi yake mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13, alichora picha ya mvuvi peke yake katika mtumbwi, naye anavua kwa fimbo yenye kigurudumu cha mshipi. Lakini mvuvi yule alikuwa ziwani, ambako maji hayana chumvi. Rili ikiletwa baharini huingia katika vita vingine kabisa.

Fikirini habari ya mvuvi aliyetoka usiku na wenzake. Wamenunua mafuta ya mashine ya mashua, wamenunua barafu na chambo. Karibu na mapambazuko nguru mkubwa ashika ndoano, akakimbia. Hapo breki ya rili yapaswa kuachia mshipi kidogo kidogo, ili samaki achoke. Lakini ikiwa sahani za breki zimeshikamana kwa kutu, mshipi hautoki. Wakaza kama uzi wa zeze, kisha wakatika. Mvuvi amepoteza samaki, amepoteza ndoano na sehemu ya mshipi, wala fedha ya mafuta haitarudi. Rafiki zake watasema mshipi ulikuwa mbovu. Lakini mshipi ulikuwa mzima. Kilichouharibu usiku wao ni chembe za chumvi zilizoachwa ndani ya rili juma lililopita.

Tena rili nyingi si za mtu mmoja. Ndugu wawili hununua moja kwa shirika, au kijana huazimwa ya mjomba wake. Kwa hiyo uzembe wa mmoja hula mali ya wengine, na ugomvi huzaliwa kati ya watu wapendanao.

2. Kutu ni nini, na chumvi yafanya kazi gani

Kutu si uchafu utokao nje na kuupaka mwili wa chuma, kama tope lipakavyo viatu. Kutu ni chuma chenyewe kilichogeuka. Chuma, maji na hewa ya oksijeni vikikutana, chuma huungana na oksijeni na maji, kikawa unga mwekundu. Unga huo hauna nguvu, wala haurudi kuwa chuma. Tena hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili au zaidi. Ndiyo maana parafujo iliyoshikwa na kutu haizunguki tena, na gololi za rili hukwama katika nyumba yake: kile kilichokuwa kimekaa sawasawa sasa kimevimba.

Maji peke yake yatosha kuleta kutu, lakini huleta polepole. Chumvi huharakisha kazi hiyo kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: Kutu hufanyika kwa mwendo wa umeme mdogo sana, upitao ndani ya chuma na kurudi kwa njia ya maji. Maji baridi hayaupitishi umeme vizuri, lakini maji ya chumvi huupitisha kwa wepesi. Hivyo kazi yote yaenda mbio.

Njia ya pili: Madini mengine, kama alumini na chuma cha pua, hujifunika yenyewe kwa ngozi nyembamba sana isiyoonekana kwa macho, nayo huyalinda. Sehemu moja ya chumvi, iitwayo kloridi, huitoboa ngozi hiyo. Mahali palipotobolewa pakawa kama jino lenye tundu: nje laonekana zima, na ndani laoza.

Njia ya tatu ndiyo isiyojulikana na wengi, nayo ndiyo sababu hasa ya kuandika somo hili. Chumvi huvuta maji kutoka hewani. Kila mama ajua kwamba chumvi iliyoachwa wazi jikoni wakati wa masika hulowana, ingawa hakuna aliyeimwagia maji. Wenye elimu wamepima jambo hili: unyevu wa hewa ukipita sehemu 75 katika 100, chumvi ya chakula huanza kuyeyuka yenyewe. Nayo chumvi ya bahari haina chumvi ya chakula peke yake; imo pia chumvi ya magnesi, ambayo huvuta unyevu hata hewa ikiwa kavu kuliko hiyo. Na hewa ya Dar es Salaam wakati wa usiku hukipita kiasi hicho mara nyingi.

Basi angalieni yatokeayo. Mvuvi arudi nyumbani, apangusa rili yake kwa kitambaa, aiona kavu, aiweka sandukuni. Maji yamekwisha, lakini chumvi imebaki katika meno ya magurudumu na chini ya mshipi. Usiku unyevu waja, chumvi yavuta maji, na bahari ndogo yafanyika tena ndani ya rili. Mchana yakauka, usiku yarudi. Rili iliyopumzika sandukuni kwa juma moja imekaa baharini usiku saba. Wazee walinena vema: Kikulacho ki nguoni mwako.

Mkitaka kujua ukubwa wa jambo hili, pimeni hivi. Katika kila kilo ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi. Ndoo ya lita 20 iliyotekwa baharini ina chumvi gramu 700 hivi, yaani zaidi ya nusu kilo. Matone machache yarukayo juu ya rili, yakikauka, huacha chumvi ya kutosha kuianza kazi ya uharibifu.

3. Madini mawili yakigusana

Rili haikufanywa kwa chuma peke yake. Mwili wake mara nyingi ni alumini, parafujo zake ni chuma cha pua, gurudumu moja la meno huwa la shaba, na kamani yake ni chuma kigumu. Madini mawili yakigusana, na maji ya chumvi yakiwa kati yao, moja huliwa kwa ajili ya jingine. Lililo dhaifu hulipa deni la lililo na nguvu.

Jambo hili lilionekana wazi zamani katika merikebu za vita za Uingereza. Mwaka wa 1761 manowari iitwayo Alarm ilifunikwa kwa mabamba ya shaba sehemu yake iliyo chini ya maji, ili wadudu wa baharini wasiitoboe miti yake. Mwaka wa 1763 ilitazamwa tena. Misumari mingi ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa vibaya. Lakini mingine ilikuwa mizima. Walipotafuta sababu, waliona kwamba penye misumari mizima karatasi ya kahawia, iliyokuwa imefungia shaba wakati wa kuletwa, ilikuwa haikubanduliwa. Karatasi ile ilizuia shaba isiguse chuma.

Baadaye, mwaka wa 1824, Humphry Davy aliligeuza jambo hili kuwa ulinzi. Alifunga vipande vya zinki au vya chuma penye shaba ya merikebu, na vipande hivyo vikaliwa badala ya shaba. Hata leo mtu akitazama chini ya meli ya chuma ataona vipande vya zinki vilivyowekwa ili viliwe.

Sisi twajifunza nini? Katika rili, alumini ndiyo iliyo dhaifu mbele ya chuma cha pua na shaba. Ndiyo maana unga mweupe huonekana kwanza kandokando ya parafujo. Fundi mwenye akili, akifungua parafujo, hupaka grisi kidogo katika nyuzi zake kabla ya kuirudisha. Grisi ile ni kama karatasi ya manowari Alarm: yazuia maji ya chumvi yasiingie kati ya madini mawili. Tena parafujo hiyo itafunguka mwaka ujao bila kuvunjika kichwa.

4. Je, chuma cha pua hakiingii kutu?

Mara nyingi mwenye duka humwambia mnunuzi, "Chukua hii, ni chuma cha pua, haiingii kutu kamwe." Neno hili lina kweli, lakini si kweli yote. Mwaka wa 1913 Harry Brearley wa mji wa Sheffield, Uingereza, alitengeneza chuma kilichochanganywa na kromiamu, nacho kilikataa kutu kuliko vyuma vingine. Chuma cha namna hii chahitaji kromiamu sehemu 10 na nusu katika 100, au zaidi. Kromiamu hiyo, ikipata hewa, hufanya ile ngozi nyembamba tuliyoitaja. Nayo ikikwaruzwa hujirudishia yenyewe.

Lakini ngozi hiyo yahitaji hewa. Katika ufa mwembamba, chini ya kichwa cha parafujo au mahali palipozibwa na tope na chumvi, hewa haifiki, na kloridi hukusanyika. Hapo chuma cha pua hutobolewa vitundu vidogo, ambavyo kwa nje huonekana kama nukta za kahawia. Mwenye kovu usidhani amepoa. Basi chuma cha pua ni bora, wala hatusemi msikinunue. Lakini nacho chataka kuoshwa kama ndugu zake.

Kila madini yana kutu yake, nayo yajulikana kwa rangi. Chuma hutoa unga mwekundu au wa kahawia. Shaba hutoa ukoko wa kijani. Alumini na zinki hutoa unga mweupe. Mkiona unga mweupe juu ya rili iliyokwisha kuoshwa vizuri, msiseme ni chumvi tu. Huenda ni mwili wa rili wenyewe unaomomonyoka.

5. Maji ya kuoshea

Hapa yatupasa kutaja jambo la mji wetu. Katika nyumba nyingi za mjini maji ya bomba hayatoki siku zote, nao watu hutumia maji ya visima. Lakini visima vingi vya Dar es Salaam, hasa vilivyo karibu na pwani, vina maji yenye chumvi, kwa sababu maji ya bahari hujipenyeza chini ya ardhi pale ambapo maji mengi yamevutwa juu. Maji hayo yafaa kufagilia uani, lakini mtu akiyatumia kuoshea rili huitoa chumvi moja na kuitia nyingine.

Yajaribuni kwa sabuni: katika maji yenye chumvi nyingi sabuni haitoi povu kwa urahisi. Tena wekeni matone machache juu ya kioo safi, myaache yakauke juani. Yakiacha ukoko mweupe mzito, msiyatumie. Ni afadhali lita mbili za maji ya bomba au ya mvua kuliko ndoo nzima ya maji ya kisima cha chumvi. Na lita mbili au tatu zatosha kabisa kwa rili moja, hata katika nyumba inunuayo maji kwa ndoo.

6. Utaratibu wa kuosha na kukausha

Kazi hii ifanywe siku ile ile ya kuvua, kabla ya kulala. Haipiti robo saa.

Kwanza, kazeni breki ya rili, ili maji yasiingie kati ya sahani zake.

Pili, mwagieni maji baridi polepole kutoka juu, kama mtu anawishaye mgeni mikono. Msiielekezee maji ya mpira yenye nguvu, maana nguvu ile huisukuma chumvi ndani, mahali ambapo isingefika yenyewe. Wala msiitumbukize rili nzima katika ndoo na kuiacha humo. Zungusheni mkono wake mara chache wakati wa kumwagia. Penye chumvi iliyoganda, tumieni brashi laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha suuzeni.

Tatu, ikiwa kigurudumu cha mshipi chaweza kutolewa, kitoeni, mkikiloweke peke yake katika bakuli la maji baridi. Mshipi uliozungushwa hushika maji ya bahari kati ya mizunguko yake, na wengi huusahau. Wakausha rili yote vizuri, lakini wameacha kitambaa cha chumvi kimeizunguka moyo wake.

Nne, itikiseni rili, mwipanguse kwa kitambaa kikavu cha pamba, kisha mwilegeze breki ili unyevu utoke na sahani zisigandamane. Iwekeni kivulini penye upepo mpaka kesho yake. Jua kali halifai, kwa maana huharibu mshipi na sehemu za plastiki.

Tano, ikiisha kukauka, iwekeni katika mfuko wa nguo. Mfuko wa plastiki uliofungwa hufungia unyevu ndani. Wala msiiweke rafu moja na samaki wa chumvi au mfuko wa chumvi ya jikoni. Na ndoano zilizotumika zisichanganywe na ndoano mpya kabla ya kuoshwa, maana ndoano moja yenye maji ya bahari huambukiza kopo zima.

7. Mafuta gani, na wakati gani

Hapa ndipo watu wa bidii hukosea. Mtu atoka baharini, rili ingali na chumvi, naye kwa moyo mwema aipaka mafuta mengi. Adhani ameilinda, kumbe amefungia adui ndani na kumwekea mlango. Chumvi na unyevu uliopo chini ya mafuta huendelea na kazi yao mahali ambapo maji ya kuosha hayawezi tena kufika. Kwa hiyo mafuta huja mwisho, juu ya madini yaliyo safi na makavu.

Msidhani kwamba yahitajika mafuta ya gharama kubwa kutoka ng'ambo. Kariakoo imejaa mafundi cherehani, na mafuta membamba ya cherehani hupatikana huko kwa bei ndogo. Hayo yafaa sana kwa gololi, kwa kigurudumu kidogo kiongozacho mshipi, na kwa kishikio cha mkono: tone moja moja, si zaidi. Kwa magurudumu ya meno na kwa nyuzi za parafujo tumieni grisi isiyoyeyuka katika maji, hasa ile itengenezwayo kwa vyombo vya baharini. Sahani za breki msizipake chochote, isipokuwa mwenye kuitengeneza rili ameagiza hivyo katika karatasi yake.

Mafuta ya nazi na mafuta mengine ya kupikia hayafai. Hayo huvunda, huvuta vumbi na sisimizi, na mengine hugeuka kuwa gundi. Tena mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya digrii 24 hivi. Basi katika alfajiri ya baridi ya mwezi wa Julai rili yaweza kuwa nzito mkononi mwa mvuvi. Mafuta ya taa yafaa kusafishia vipande vya chuma vilivyochafuka kwa grisi ya zamani, lakini hukauka upesi wala hayaachi ulinzi wa kudumu. Tena yasiguse mshipi wala mpira. Petroli isitumike kabisa ndani ya nyumba, kwa maana mvuke wake hushika moto hata kutoka mbali. Nyumba ni kubwa kuliko rili.

Ikiwa kutu imekwisha kuingia, vipande vidogo vya chuma vyaweza kulowekwa katika siki kwa muda, kisha kusuguliwa kwa brashi, kuoshwa kwa maji baridi, kukaushwa na kupakwa mafuta mara moja. Lakini siki isiguse alumini wala zinki, maana itazila. Na gololi zilizokwisha kuliwa na kutu zisitiwe dawa, zinunuliwe mpya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

8. Kununua na kuuza rili Kariakoo

Kariakoo ni mahali pa biashara tangu zamani. Jina lake lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Jumba la soko kuu, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka wa 1975, liliungua mwezi wa Julai 2021. Lakini biashara ya mitaa iliyolizunguka haikukoma. Katika biashara kubwa kama hii vitu vipya na vitu vilivyokwisha kutumika huuzwa bega kwa bega, na mnunuzi yampasa kufungua macho.

Anunuaye rili iliyotumika asitazame mng'ao wake. Na aizungushe mkono polepole, akiiweka karibu na sikio. Ikisaga kama yenye mchanga, gololi zimeliwa. Alegeze breki, auvute mshipi kwa mkono: utoke sawasawa bila kurukaruka. Atazame chini ya kigurudumu cha mshipi, maana huko wengi hawafiki kwa kitambaa. Aangalie kandokando ya parafujo kama pana unga mweupe, na kama rangi imefanya malengelenge. Lengelenge la rangi ni dalili kwamba alumini iliyo chini yake yaoza. Na ikiwa rili ya zamani yanuka mafuta mapya mengi, aulize kwa nini.

Na ninyi mnaouza, twawasihi neno moja. Kuisafisha rili ili iuzike si kosa, bali ni kazi njema. Lakini kuipaka rangi juu ya kutu na kumwambia mtu kwamba ni nzima, hilo ni kumtuma baharini na chombo kitakachomwacha saa ya haja. Mvuvi huyo atarudi mikono mitupu kwa watoto wake, wala hatajua wa kumlaumu. Mwambieni, "Gololi zake zimechoka, utazibadili kwa kiasi fulani." Atanunua, tena atarudi dukani kwenu mara ya pili.

Vivyo hivyo aazimaye rili ya mwenzake airudishe imeoshwa na kukaushwa, asiseme, "Mwenyewe ataiosha." Mwenyewe hajui ni saa gani ilitoka majini, na chumvi haimngoji.

9. Jaribio la kuwafundishia vijana

Walimu wapendao kuonyesha kuliko kusema tu na wafanye jaribio hili. Chukueni misumari minne ya chuma, isiyotiwa zinki. Isugueni kwa msasa, maana misumari mipya mara nyingi huwa na mafuta ya kiwandani. Teketeni maji ya bahari katika chupa. Asiyeweza kufika pwani na achanganye vijiko viwili vya chai vya chumvi katika glasi kubwa ya maji.

Msumari wa kwanza uacheni mkavu. Wa pili uchovyeni katika maji ya chumvi, mwuache ukauke. Wa tatu uchovyeni vilevile, ukauke, kisha mwupake mafuta ya cherehani bila kuuosha. Wa nne uchovyeni, mwuoshe kwa maji baridi, mwukaushe vizuri, ndipo mwupake mafuta. Iwekeni yote minne juu ya kipande cha ubao karibu na dirisha, kwa muda wa siku saba, na vijana waandike kila asubuhi waonayo. Siku ya saba isugueni kwa kitambaa cheupe, kila msumari na kitambaa chake, mkavilinganishe.

Maswali ya kujiuliza

1. Kwa nini rili iliyopanguswa na kuonekana kavu huendelea kuingia kutu sandukuni?
2. Katika misumari minne, ni upi mlioutazamia kuharibika kwanza, na ni upi ulioharibika kweli? Msumari wa tatu na wa nne yatofautianaje?
3. Karatasi ya manowari Alarm yafanana na nini katika kazi ya fundi wa rili?
4. Maji ya kisima cha nyumba yenu ni ya namna gani? Mmeyajaribuje?
5. Kwa nini mafuta yatiwe mwisho, wala si mwanzo?
6. Mtu amekuazima rili, nawe umerudi usiku ukiwa umechoka sana. Utafanya nini kabla ya kulala?